Jiko la Wasomaji: Mkate Usio na Ngano wala Maziwa

Mwezi uliopita niliandika hapa, kwa mistari miwili tu, kwamba binti yangu wa pili hali ngano wala maziwa, na kwamba mkate wake nauoka mwenyewe, mwaka wa tisa sasa. Sikujua kama mistari ile miwili ingeleta barua nyingi namna hii. Nimezisoma zote. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa sauti tofauti, kwa hiyo nimechagua chache, na pale panapotaka maelezo marefu sitayafupisha.

Mkate wangu umekuwa tofali

*Shikamoo mama. Mke wangu amekatazwa gluteni na daktari, nami nikajitosa kumwokea mkate. Nilifuata vipimo vyangu vya mkate wa ngano, nikaweka unga wa mchele mahali pa ngano, nikaukanda dakika ishirini kama siku zote. Haukuumuka. Umetoka tanurini mzito kama tofali, na ukiukata unamwagika kama mchanga. Nimerudia mara nne sasa. Nakosea wapi? (Mume Asiyekata Tamaa)*

Marahaba, mwanangu. Mkeo ana bahati ya kuwa na mtu anayerudia jambo mara nne kwa ajili yake. Mikono yako haina kosa. Tatizo ni kwamba unaukanda unga huu kwa matumaini ya kitu ambacho hakimo ndani yake.

Ndani ya ngano mna protini mbili, glutenini na gliadini. Zikikutana na maji zinashikana, na ukizikanda zinajisuka kuwa wavu unaovutika. Wavu huo ndio gluteni. Hamira inakula sukari na kutoa gesi, wavu unaishika gesi ile, na donge linapanda. Mchele hauna protini hizo. Ukande hadi usiku wa manane, hakuna kitakachosukika, na gesi itapita kama maji kwenye tenga. Hata mazoea ya mikono yako ya siku nyingi, ule ujuzi wa kuhisi donge likilainika na kuvutika, hapa hayana pa kushika. Tunahitaji wavu mwingine, na wavu huo tunautengeneza kwa maji.

Kitu ninachokitegemea ni maganda ya mbegu za sailiamu. Wengine mtayaona yameandikwa isapgoli, na huuzwa zaidi kama dawa ya kulainisha choo. Ni maganda mepesi, ya rangi ya majani makavu, yanayopeperuka ukiyapumulia. Yanaweza kunywa maji zaidi ya mara kumi ya uzito wake. Mimina maji juu yake, koroga haraka, halafu simama uangalie. Dakika ya kwanza ni maji machafu tu. Dakika ya tatu mwiko unaanza kuacha njia nyuma yake. Ikifika dakika ya nane, ukiinua mwiko, mchanganyiko wote unaushika na kuinuka nao, unaning'inia kama ute wa bamia, kisha unarudi bakulini kwa uzito wake wenyewe. Huo ndio wavu wako. Siku nilipouona mara ya kwanza nililia, kwa sababu nilikuwa nimeshatupa mikate mingi na binti yangu alikuwa ameacha kuniuliza kama leo utafaa.

Kipimo ninachokupa hapa ni cha mkate mmoja, katika chombo cha kuokea chenye urefu wa kama sentimita 21 na upana wa 11. Pima kwa mizani. Usipime kwa kikombe, kwa sababu kikombe cha unga wa mchele na kikombe cha wanga havina uzito mmoja, na mkate huu hausamehe tofauti hiyo.

Chukua gramu 150 za unga laini wa mchele, gramu 100 za unga wa mtama, gramu 100 za wanga wa muhogo na gramu 50 za wanga wa viazi. Changanya na gramu 8 za chumvi. Pembeni, weka gramu 25 za maganda mazima ya sailiamu kwenye mililita 340 za maji, koroga, uache dakika kumi. Kwenye kikombe kingine weka mililita 80 za maji ya vuguvugu, gramu 20 za sukari na gramu 7 za hamira kavu. Maji yawe na joto la kidole kisichoshtuka, kati ya nyuzi 35 na 40. Yakikaribia 60 hamira inakufa na hakuna dua ya kuifufua. Likipanda povu, unganisha kila kitu, ongeza mililita 30 za mafuta ya kupikia na mililita 10 za siki. Siki inaleta ladha ya mkate uliolala, ule uchachu mdogo ambao unga wa mchele peke yake hauna.

Jumlisha hesabu: gramu 400 za unga zimekunywa mililita 420 za maji. Maji yamezidi unga. Mwokaji wa ngano akiona hivyo ataogopa na kuongeza unga, na hapo ndipo mkate unapofia. Usiongeze. Kanda kwa mkono dakika tatu au nne tu, mpaka madonge makavu yaishe, basi. Donge litakuwa laini na lenye kunata, katikati ya uji mzito na udongo wa mfinyanzi. Lowesha mikono, liumbe, liweke chomboni, lisawazishe juu kwa kijiko kilicholowana.

Mkate wa ngano huumuka mara mbili. Huu ni mara moja tu. Ukiupiga gesi ikatoka, haurudi tena vizuri. Ufunike, uuache mahali penye joto dakika 40 hadi 60, na usisubiri uwe maradufu. Ukiongezeka kwa nusu yake, unatosha. Tanuri liwe limeshafika nyuzi 220 za selsiasi. Uoke dakika 15, kisha shusha hadi 200 na uuache dakika 40 au 45 zaidi. Ndiyo, ni karibu saa nzima. Maji mengi uliyotia lazima yapate muda wa kutoka.

Neno juu ya unga wenyewe. Unga wa mchele uliosagwa kwa chembe kubwa ndio uliokupa ule mchanga. Tafuta laini kabisa, na ukishachanganya donge, muda ule wa kuumuka unazipa chembe nafasi ya kunywa maji. Na tafadhali tofautisha unga wa muhogo na wanga wa muhogo. Unga ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa, una nyuzi zake. Wanga ni ule mweupe unaotuama chini ya maji baada ya muhogo kusagwa na kukamuliwa, ukakaushwa. Ukiufinya katikati ya vidole, wanga unalia kidogo na kuteleza. Ukitia unga wa muhogo mahali pa wanga utapata mkate mzito, na utadhani mimi ndiye niliyekudanganya.

Unanata katikati kama gundi

*Mama, mkate wangu umepanda vizuri, juu una rangi nzuri, lakini nikiukata kisu kinatoka na utando. Na mara mbili umeporomoka katikati ukiwa bado tanurini. (Mwalimu wa Shule ya Msingi)*

Mwalimu, hayo ni mambo mawili, tuyatenge.

Kuporomoka mara nyingi ni kuumuka kupita kiasi. Wavu wa sailiamu una nguvu, lakini hauna uvumilivu wa gluteni. Viputo vikikua mno kuta zake zinakuwa nyembamba, na joto la tanuri likivisukuma zaidi, vinapasuka na paa linashuka. Wakati mwingine uuingize mapema kwa dakika kumi. Ukiporomoka tena, punguza maji mililita 20, wala usizidishe hapo.

Kunata kuna sababu zake. Ya kwanza ni kuutoa mapema. Rangi ya juu inadanganya. Kama unaweza kupata kipimajoto cha jikoni chenye ncha, kichome katikati ya mkate: nataka kisome nyuzi 97 au 98. Kikisoma 90, rudisha ndani hata kama juu pameshakuwa kahawia, funika kwa karatasi ya foili usiungue. Kwangu kifaa hicho kidogo kimeokoa mikate mingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Ya pili ni haraka ya kukata, na hapa najua ninakuomba jambo gumu, kwa sababu nyumba nzima inanukia mkate na watoto wamesimama mezani. Wanga ulioiva bado ni ute ukiwa wa moto. Unahitaji kupoa ndipo ushikane na kusimama. Toa mkate kwenye chombo chake baada ya dakika tano, uweke juu ya waya hewa ipite chini yake, na uuache saa mbili. Mkate uleule ukikatwa baada ya dakika kumi utanata, na ukikatwa baada ya saa mbili utakatika safi. Nimefanya jaribio hilo kwa donge moja lililogawanywa vyombo viwili, kwa sababu mume wangu hakuniamini.

Mwalimu amenitumia pia picha ya kipande chenye rangi ya zambarau iliyofifia, akiuliza kama kimeoza. Hakijaoza. Sailiamu iliyosagwa kuwa unga mara nyingine hufanya hivyo, hubadili rangi ya mkate bila kuugusa ladha wala usalama wake. Jaribu ya mtengenezaji mwingine, au rudi kwenye maganda mazima. Ukitumia iliyosagwa, punguza hadi gramu 20.

Shayiri ni salama?

*Nimesoma sehemu moja kwamba shayiri haina gluteni na sehemu nyingine kwamba inayo. Niamini ipi? Na ngano isiyokobolewa je, si ndiyo ya afya? (Bibi wa Wajukuu Watano)*

Shikamoo bibi. Lugha yetu ndiyo iliyokuchanganya hapa. Neno shayiri wengine wanalitumia kwa nafaka inayotengenezewa kimea na bia, na wengine wanalitumia kwa oti, zile zinazobanwa bapa na kupikwa uji. Ni nafaka mbili. Ya kwanza ina gluteni na haifai kabisa, na kimea chake hakifai. Oti yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini mara nyingi hulimwa, kusafirishwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo zinazofaa ni zile tu zilizoandikwa wazi kwamba hazina gluteni. Na hata hizo, wapo wagonjwa wachache ambao miili yao inazikataa. Mjukuu asianze bila daktari kujua.

Ngano isiyokobolewa ni ngano. Semolina ni ngano. Spelti ni ngano ya kale, bado ni ngano. Nafaka iitwayo rai nayo ina ndugu wa gluteni ndani yake. Salama kwa asili yake ni mchele, mtama, uwele, ulezi, mahindi, muhogo, viazi na jamii ya kunde, mradi havikusagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Hilo la mashine, bibi, uulize kila mara.

Nimemwachisha ngano, na amepona

*Dada, mwanangu wa miaka mitano alikuwa akiharisha, tumbo linavimba, haongezeki uzito. Jirani akaniambia ni ngano. Nimemwachisha wiki mbili sasa na kwa kweli amebadilika. Je, niendelee tu na mkate wako, au kuna haja ya hospitali? (Mama Mwenye Wasiwasi)*

Dada yangu, nakuomba uweke mwiko chini kwanza, na mkate tutauzungumza baadaye. Haja ya hospitali ipo, na ipo wiki hii.

Kuna ugonjwa uitwao siliaki. Mwili wa mwenye nao, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, unageuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mna vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula, na katika ugonjwa huu vinasinyaa na kulala. Mtoto anakula na hashibi ndani ya damu yake. Vipimo vipo: damu inayochunguzwa kingamwili, na mara nyingi kamera inayoingia tumboni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Lakini vipimo vyote hivyo vinatafuta alama za vita. Ukimwachisha ngano, vita vinatulia, alama zinafutika taratibu, na kipimo kinaweza kusema mtoto hana kitu wakati anacho.

Mimi ndivyo nilivyofanya. Nilimwachisha binti yangu miezi mitatu kwa ushauri wa watu, akanawiri, ndipo nikaenda. Majibu yakatoka safi. Daktari wa pili, aliyetusikiliza kwa makini, akatueleza kwamba ilibidi arudi kula ngano kwa wiki kadhaa ndipo apimwe upya. Sitasahau wiki zile: nampa mkate kwa mkono wangu huku najua usiku atalia tumbo. Wewe umemwachisha wiki mbili tu. Nenda sasa, umweleze daktari siku gani uliacha, na umwache yeye aamue mtoto ale nini hadi apimwe. Usimrudishie ngano kwa uamuzi wako, hasa kama amewahi kuvimba midomo, kutoka vipele au kubanwa pumzi baada ya kuila, maana huo unaweza kuwa mzio wa ngano, na mzio ni jambo jingine lenye hatari yake.

Na kwa nini ujisumbue kupata jina la ugonjwa, kama mkate umeshafanya kazi? Kwa sababu siliaki ni ya maisha yote, huelekea kukaa ndani ya familia hivyo ndugu zake nao hupimwa, na mtoto atafuatiliwa damu, mifupa na ukuaji wake. Bila jina hakuna atakayemfuatilia.

Jirani yako hakukosea kushuku ngano, na inafaa ujue jinsi jambo hili lilivyojulikana. Alikuwapo daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa na shaka na ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilipigwa na njaa kali na mkate ukawa adimu. Watu walikuwa wanakufa kwa njaa, lakini watoto wake wenye ugonjwa huu, ambao walipaswa kuwa wa kwanza kudhoofika, walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Aliandika utafiti wake na kuuwasilisha Utrecht mwaka 1950. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wanazika watoto bila kujua kwamba kilichowadhuru kilikuwa sahanini. Kila ninapopima unga namkumbuka mtu yule, na nasema hivi kwa moyo wangu wote.

Kuhusu maziwa

*Mama, mimi shida yangu kubwa ni maziwa. Nimenunua maziwa yasiyo na laktosi lakini mwanangu bado anatoka vipele. Na mkate bila maziwa na siagi si utakuwa mkavu? Mayai nayo je? (Baba Mlezi)*

Baba, ahsante kwa kuuliza, maana hapa wengi wanaumia bila kujua. Laktosi ni sukari ya maziwa. Mtu ambaye mwili wake hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, kiitwacho laktasi, anapata gesi, tumbo kuunguruma na kuharisha. Huyo maziwa yaliyotolewa laktosi yanamfaa. Mwenye mzio wa maziwa anapigana na protini zake, kasini na zile za wei, yale maji yanayobaki maziwa yakiganda, na protini hizo zimebaki zote ndani ya maziwa yasiyo na laktosi. Vipele vinanielekeza kwenye mzio, ila anayesema kwa hakika ni daktari. Mpaka umwone, kaa mbali na maziwa yote, na soma vifungashio: kasini, wei, maziwa ya unga. Majarini nyingi zinayo. Hata samli inaweza kubaki na chembe za protini.

Kuna jambo linalounganisha barua yako na ile ya juu. Kimeng'enya cha laktasi hukaa kwenye ncha za vile vijidole vya utumbo. Siliaki ikivilaza, laktasi nayo hupungua, na mgonjwa anakataa maziwa pia. Utumbo ukishapona baada ya miezi bila gluteni, wengine hurudi kuyanywa bila shida. Kwa binti yangu haikuwa hivyo, yeye ana mzio wa kweli. Lakini wapo waliorudishiwa chai yao ya maziwa.

Mkate wenyewe hautakuwa mkavu. Maziwa yanafanya kazi mbili kwenye mkate: mafuta yake yanalainisha, na protini pamoja na sukari yake vinaupa ganda rangi ya kahawia. Ulaini unaurudisha kwa mafuta ya mimea. Siagi ni mafuta kwa kama asilimia 80 na iliyobaki zaidi ni maji, kwa hiyo palipoandikwa gramu 100 za siagi weka gramu 80 za mafuta na mililita 20 za maji. Rangi inarudishwa na maziwa ya soya, kwa kuwa nayo yana protini: tumia hayo badala ya mililita 80 za maji ya hamira, na upake juu kidogo kabla ya kuoka. Kama soya haimfai, tui la nazi linalainisha vizuri, ila ganda litapauka na hilo halina madhara.

Mayai si maziwa. Yanauzwa rafu moja na maziwa na watu wakayaweka kapu moja. Kama mtoto hana mzio wa mayai, yai moja ndani ya donge hili linalipa nguvu na urefu. Punguza maji mililita 45 ukilitia.

Chembe moja haiui

*Wifi yangu anasema nimezidi. Anakata mkate wake wa ngano kwenye ubao wa mwanangu, na nikisema ananuna. Chembe moja inadhuru kweli? (Msomaji wa Siku Zote)*

Inadhuru. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, kiitwacho Codex, kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Pima miligramu 20 kwa macho yako: ni vumbi la unga unaloweza kulipuliza lisionekane lilikokwenda. Sasa hesabu chembe zilizoingia kwenye mikwaruzo ya ubao ule.

Mtoto wako awe na ubao wake, mwiko wake wa mti, chujio lake na kibaniko chake cha mkate. Vya chuma na vya kioo vinaoshwa vikatakata, vya mti na vyenye matundu havitakati. Unga wa ngano usipepetwe siku unayooka mkate wake, kwa kuwa unabaki hewani na kutua pole pole juu ya kila kitu. Angalia na hamira yako: hamira ya mkate haina gluteni, lakini ile inayotokana na utengenezaji wa bia inaweza kuwa na shayiri ndani yake, na beking pauda nyingine huchanganywa wanga wa ngano.

Kuhusu wifi, usimgombeze. Mwite jikoni siku mtoto amezidiwa, akae naye usiku mmoja. Wangu alikuwa vilevile, na leo ndiye anayesoma vifungashio kwa sauti tukiwa sokoni.

Siku ya pili umekauka

*Mkate ni mtamu siku ya kwanza. Naweka kwenye friji, kesho yake ni kama mbao. (Mpishi Mchanga)*

Friji ndiyo inayouharibu, mwanangu. Wanga ulioiva na kulainika, ukipoa, unajipanga upya na kukamaa, na joto la friji ndilo linaloharakisha jambo hilo kuliko hata mezani. Siku ya kwanza uuache nje, umefungwa kwenye kitambaa safi ndani ya chombo chenye mfuniko. Jioni ya siku hiyohiyo ukate vipande vyote, weka karatasi ya kuokea kati ya kipande na kipande, funga mfukoni ukiwa umetoa hewa, ugandishe. Asubuhi toa vipande unavyohitaji tu na uvitie kwenye kibaniko vikiwa na barafu yake, bila kuviyeyusha kwanza. Joto linalegeza tena wanga uliokamaa, na kipande kinatoka laini ndani. Kile cha mwisho wa mkate, chenye ganda pande tatu, binti yangu hukitafuta kwanza. Mimi hukiweka juu kabisa ya mfuko asije akavuruga vingine.